Kutembea hadi Santiago katika majira ya kuchipua: majibu ya barua zenu

Tangu tulipoandika kwa ufupi kwamba mwaka 2027 ni Mwaka Mtakatifu wa Santiago de Compostela, kwa kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume ya tarehe 25 Julai inaangukia siku ya Jumapili, tumepokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wanaotaka kwenda kuhiji huko kaskazini-magharibi mwa Hispania kwa miguu. Wengi wanauliza juu ya Njia ya Wafaransa, ile ya kilomita zipatazo 780 inayoanzia katika mji mdogo wa Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa wa milima ya Pyrenees, na kuishia mbele ya kanisa kuu la Santiago. Njia hiyo niliitembea yote kwa siku 36, nikianza katika wiki ya pili ya Aprili, na majibu ninayoyatoa hapa yametokana na yale niliyoyaona na makosa niliyoyafanya.

Natarajia kuanza Saint-Jean-Pied-de-Port mwaka 2027. Rafiki yangu anayeishi Ujerumani ananishauri nianze mapema Aprili ili niukwepe umati, lakini mtu mwingine amenisihi nisubiri hadi Mei. Nimezaliwa chini ya Kilimanjaro na baridi hainitishi. Nimsikilize nani, na nibebe nguo gani? – Msomaji, Moshi

Ndugu yangu, ushauri wangu ni uanze katika wiki ya mwisho ya Aprili. Majira ya kuchipua yana jina moja tu, lakini katika njia hii utayapita zaidi ya mara moja, kwa sababu unapanda na kushuka na kuvuka nchi tofauti, na kila nchi ina majira yake.

Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Unaondoka mahali palipo mita 170 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi mita 1,430 hivi, kisha unashuka hadi kwenye monasteri ya Roncesvalles, mwendo wa kilomita kama 25, na yote hayo kabla mwili haujauzoea mzigo. Serikali ya Navarra, jimbo la Hispania lililo upande wa pili wa mlima, huifunga njia ya juu kila mwaka kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 31 Machi, na katika kipindi hicho mahujaji huelekezwa kupita chini, kwenye bonde la Valcarlos. Tafadhali usidhani kwamba tarehe 1 Aprili ikifika theluji nayo inatii tangazo. Katika wiki ya pili ya Aprili mimi niliikuta bado imelala kwenye mikunjo ya mlima, na ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoiona nguzo ya alama iliyokuwa hatua ishirini mbele yangu. Pale Saint-Jean, kwenye barabara ya Citadelle, kuna ofisi ya mahujaji ambamo watu wa kujitolea hueleza hali ya hewa ya siku hiyo. Wakikuambia upite Valcarlos, pita Valcarlos bila kubishana nao. Watu wamewahi kupoteza maisha katika mlima ule kwa kutosikia.

Jeraha langu, hata hivyo, sikulipata katika kupanda bali katika kushuka. Njia inateremka ndani ya msitu, na majani ya mwaka uliopita yaliyolowa hulala juu ya mizizi na mawe, kwa hiyo kila hatua unaikanyaga bila kujua chini yake kuna nini. Nilikuwa nimenunua viatu vya saizi ileile ninayovaa Dar es Salaam. Miguu ya mtu anayetembea kutwa nzima huvimba, na katika mteremko vidole husukumwa mbele vikagonga kiatu. Kesho yake nilipofika Zubiri nilikuwa na malengelenge manne na ukucha mmoja ulioanza kuwa mweusi. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akihudumu katika hosteli alinikalisha kwenye benchi bila kuniuliza chochote, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaiweka miguu yangu humo kwa mikono yake mwenyewe, na baada ya robo saa akaikausha kidole kimoja baada ya kingine kama mtu anayemkausha mtoto mchanga. Hakujua lugha yangu wala mimi yake. Ukitaka kujua kwa nini watu hurudi katika njia hii, anzia kwenye beseni lile. Ila ni bora zaidi ununue viatu vinavyokuzidi kwa saizi moja, na uvitembelee mwezi mzima kabla ya safari, ukiwa na begi mgongoni.

Ukishazipita Pyrenees utafikiri baridi imekwisha. Burgos iko mita 860 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi León, kilomita zipatazo 180, unavuka tambarare kubwa iitwayo Meseta, ambayo watu huiogopa kwa jua lake la Julai na Agosti. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei tambarare hiyo ni shamba moja la ngano mbichi linaloyumba hadi upeo wa macho, na juu ya minara ya makanisa korongo weupe wanalea makinda, wakigonganisha midomo yao kwa sauti ya vijiti vinavyopigwa pamoja. Nilipapenda kuliko mahali pengine popote njiani. Lakini upepo wake hauna mahali pa kukingia, na baridi yake si ile uliyoizoea. Baridi ya Moshi huondoka jua likipanda, ilhali hii inaweza kukaa nawe tangu asubuhi hadi jioni, na anayeijua Njombe ya mwezi wa saba ndiye atakayenielewa upesi. Baada ya mji wa Carrión de los Condes kuna kilomita 17 zisizo na kijiji, kwa hiyo maji na mkate hubebwa kutoka mjini. Halafu, ukiingia Galicia, jimbo ambamo Santiago yenyewe imo, kwa kupanda hadi kijiji cha O Cebreiro, kilicho karibu mita 1,300, unakuta mvua. Wahispania wana msemo kwamba Aprili ni maji elfu, na kule Galicia Mei nayo haiko nyuma.

Nguo, basi, ziwe nyepesi na za kuvaliwa moja juu ya nyingine: fulana mbili au tatu zinazokauka upesi, sweta jepesi la joto, koti la mvua lisilovujisha, kofia ya sufu, glavu, na soksi za sufu zisizopungua jozi tatu. Suruali ya jinzi iache nyumbani, kwa maana ikilowa haikauki. Begi lote, pamoja na maji, lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wako. Nililibeba langu likiwa na kilo 11, na kufika Pamplona nilikuwa nimeshatuma kilo tatu kwa posta.

Kuhusu umati, rafiki yako ana hoja. Mei ni miongoni mwa miezi ambayo mahujaji wengi huanza safari, na Mwaka Mtakatifu utawaongeza. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, na wakati wa Juma Kuu Wahispania wenyewe huingia njiani kwa wingi, hivyo ukianza wiki ya mwisho ya Aprili utakuwa umewakwepa hao. Angalia tu sikukuu ya tarehe 1 Mei, na siku hiyo usikusudie kulala katika mji mkubwa bila kuweka nafasi mapema.

Kuna jambo dogo ambalo sikuambiwa na mtu. Mwezi Mei jua la Hispania ya kaskazini huzama baada ya saa tatu usiku, na hosteli nyingi za mahujaji hufunga milango na kuzima taa saa nne. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kuanzia machweo hatulali kwa urahisi dirisha likiwa bado na weupe. Beba kitambaa cha kufunika macho.

Je, nahitaji viza ya Ufaransa au ya Hispania? Na kwa siku moja mtu hutumia shilingi ngapi? – Msomaji, Nairobi

Nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza ni moja, na ombi hupelekwa kwa nchi ambayo utakaa siku nyingi zaidi. Kwa kuwa Ufaransa utalala usiku mmoja au mawili tu, omba kwa Hispania. Ada kwa mtu mzima ni Euro 90, bima ya safari lazima ifikie gharama za matibabu zisizopungua Euro 30,000, na ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usisubiri hadi mwezi wa mwisho.

Ugumu ni kwamba ubalozi unataka kuona utalala wapi, ilhali hosteli nyingi za umma za mahujaji hazipokei nafasi za kuwekwa kabla, kwani anayefika kwanza ndiye anayepewa kitanda. Mimi niliandaa ratiba ya siku kwa siku yenye majina ya miji na umbali, nikaweka nafasi katika nyumba za wageni za binafsi zinazoruhusu kufuta bila malipo, na nikaambatanisha barua ya paroko wangu inayoeleza kwamba naenda kuhiji. Nilipewa viza.

Gharama uzihesabu kwa Euro, kisha uzigeuze kwa bei ya siku utakayosafiri. Hosteli za umma za Galicia hutoza Euro 10 kwa kitanda na za binafsi mara nyingi huwa kati ya 15 na 20, ingawa zipo chache za parokia zinazopokea chochote ulichonacho. Chakula cha jioni cha mahujaji ni Euro 12 hadi 15. Kwa Euro 40 kwa siku nilikula vizuri na kulala pasafi. Tafadhali, wewe unayelala katika hosteli ya sadaka, weka sadaka kweli, kwa sababu chakula atakachokula mgeni wa kesho kinanunuliwa kwa fedha ya mgeni wa leo.

Nina umri wa miaka 63. Nimekwenda Namugongo kwa miguu mara mbili pamoja na wenzangu wa parokia, lakini sasa goti la kushoto linanisumbua. Watoto wangu wanasema niache mambo haya. Je, kuna sehemu fupi ninayoweza kuitembea na bado ikahesabiwa kuwa hija? – Mama, Bukoba

Shikamoo mama. Ipo, na inahesabiwa kikamilifu. Ofisi ya mahujaji ya Santiago humpa cheti kiitwacho Compostela kila aliyetembea kilomita 100 za mwisho kwa miguu kwa nia ya kidini au ya kiroho, bila kuuliza umri. Unachotakiwa kuwa nacho ni kitabu cha hujaji, ambacho hugongwa muhuri mahali unapopita, katika makanisa, hosteli na hata migahawa, na katika kilomita hizo za mwisho iwe mihuri miwili kwa siku. Wengi huanzia mji wa Sarria, kilomita zipatazo 115 kutoka Santiago. Mwaka 2024 ofisi hiyo ilitoa vyeti karibu 499,000, na hakuna mahali palipotoa mahujaji wengi kuliko Sarria.

Vitabu vingi vya safari huigawa sehemu hiyo katika siku tano, na siku mojawapo ina kilomita zinazokaribia 30. Wewe igawe katika siku saba au nane. Kutoka Palas de Rei, kwa mfano, usiende hadi Arzúa kwa siku moja. Lala Melide, ambayo iko katikati. Begi lako kubwa likabidhi kila asubuhi kwa kampuni za kubeba mizigo, ambazo kwa Euro chache hulipeleka hadi hosteli utakayolala, nawe ubaki na kibegi chenye maji, koti la mvua na dawa. Goti huumizwa na mteremko kuliko mpando, kwa hiyo tembea na fimbo mbili, na muone daktari wa mifupa miezi mitatu kabla ya kukata tiketi. Akikataza, mtii yeye.

Jambo moja litakuwa geni kwako. Namugongo ulikwenda na wenzako wa parokia, mkatembea kama familia iliyohama. Kule Hispania watu wengi hutembea peke yao au wawili wawili, kimya, na hakuna atakayeanzisha wimbo. Nilipokutana na kundi la watawa wa Kiafrika karibu na Portomarín wakiimba njiani, wapita njia wote walisimama kuwasikiliza. Mama, ukiweza nenda na mwenzio mmoja anayezijua nyimbo, na muimbe.

Mimi ni Mwislamu na napenda sana kutembea masafa marefu. Je, naruhusiwa kwenda, na sitajiona mgeni? – Kijana, Mombasa

Unaruhusiwa kabisa. Hakuna anayeulizwa dini yake ili kupewa kitanda au kitabu cha hujaji, na mtu anayetembea kwa nia isiyo ya dini hupewa cheti chake cha namna nyingine pale Santiago. Nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi vya kaskazini mwa Hispania, hata katika supu ya mboga, kwa hiyo uliza kila mara. Lakini wewe mtoto wa Pwani utafurahi ukifika Melide, kwani mji huo unasifika kwa pweza, anayechemshwa akalainika, akakatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, kisha akamiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa chumvi na unga wa pilipili.

Sitakuficha historia, kwa sababu utaikuta imechongwa kwenye mbao. Ndani ya kanisa kuu la Santiago kuna sanamu ya karne ya 18 inayomwonyesha Mtakatifu Yakobo juu ya farasi mweupe, na upanga mkononi, akiwashinda askari Waislamu. Inatokana na hadithi ya vita vya Clavijo, ambayo wanahistoria hawaikubali kuwa tukio la kweli. Wasimamizi wa kanisa wameifunika sehemu ya chini kwa maua, kule waliko walioanguka. Kwa upande mwingine, mwaka 997 al-Mansur, jemadari Mwislamu wa Córdoba kusini mwa Hispania, aliushambulia mji huo na kuzichukua kengele za kanisa hadi Córdoba, na inasimuliwa kwamba zilibebwa na mateka Wakristo, kisha baada ya Córdoba kutekwa mwaka 1236 zikarudishwa mabegani mwa mateka Waislamu. Nilisimama mbele ya sanamu ile kwa muda, nikiwa Mkristo, na nikaona haya. Nenda, kijana wangu. Katika siku zangu 36 nilitembea sehemu ya njia na Waislamu wawili, na hakuna mwenyeji aliyewapokea kwa namna nyingine isipokuwa kama mahujaji.

Baba yangu alikuwa katekista kwa miaka mingi, na jina lake la ubatizo lilikuwa Yakobo. Alifariki mwaka jana. Nataka kuitembea njia hii kwa ajili yake. Je, kuna namna ya kufanya hivyo, au nitembee tu kwa ajili yangu? – Msomaji, Songea

Pole sana kwa msiba. Namna ipo, nayo ni ya zamani.

Kwanza, chukua jiwe dogo, lenye ukubwa wa kokwa ya embe, kutoka katika ua wa nyumbani kwenu. Kati ya kijiji cha Foncebadón na Manjarín, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kuna msalaba mdogo wa chuma juu ya nguzo ndefu ya mti, uitwao Cruz de Ferro, na chini yake kuna kilima cha mawe ambayo mahujaji wameyaleta kutoka makwao. Utaliweka hapo. Fika asubuhi na mapema, kabla ya mabasi ya watalii. Siku niliyofika kulikuwa na manyunyu na upepo, na mzee mmoja Mholanzi alikuwa amepiga magoti juu ya mawe yaliyolowa, akilipapasa jiwe lake kwa kidole gumba kabla ya kuliachia. Sote tuliokuwa pale tulimsubiri amalize, na hakuna aliyetoa simu kupiga picha.

Pili, unapofika Santiago, kabla ya kuingia kanisani kwa misa ya mahujaji ya saa sita mchana (begi haliruhusiwi ndani, tafuta mahali pa kuliacha), nenda ofisi ya mahujaji katika mtaa wa Carretas na kitabu chako chenye mihuri. Compostela haitozwi fedha. Jina lako litaandikwa kwa Kilatini, na ukiomba, wataongeza maneno «vicarie pro», yaani kwa niaba ya, kisha jina la marehemu baba yako. Namna hii hutumika kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kusafiri.

Liandike jina lake lote kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kama lilivyo katika cheti chake cha ubatizo, na umpe karani kabla hajaanza kuandika. Mimi niliomba iandikwe kwa niaba ya marehemu bibi yangu, sikuwa na karatasi, na ilinilazimu kulitaja jina lake mara nne pale dirishani, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yangu, hadi lilipokaa sawasawa.